Bunduki za Marehemu

Eda yake na ya mke mwenzake ilipokwisha, Bi Kidawa alimwita askari aje kuzichukua bunduki za marehemu mume wao. Zilikuwa za vita vya zamani, zimetundikwa sebuleni kwake, na miaka yote ya ndoa hakuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi.

Askari alishusha moja, akataka kuhakikisha haina risasi, lakini komeo la kuifungulia lilikuwa gumu.

"Nipe mimi, kaka," alisema Tausi, mke mdogo. Aliilaza mapajani, akabonyeza, akavuta. Komeo likateleza.

Bi Kidawa alimgeukia. "Nani kakufundisha?"

"Yeye mwenyewe, dada. Alikuwa akija nazo kwangu, tunazisafisha pamoja huku akinisimulia mambo ya jeshini."

"Mimi aliniambia anazipeleka kwa fundi."

Tausi alimrudishia askari bunduki.

Askari alipoifikia ya mwisho, Bi Kidawa alimzuia. Aliishusha mwenyewe, akaketi mkekani, akaipakata.

"Nionyeshe."

Tausi alisogea, akanyoosha mkono kumwelekeza.

"Usinishike! Sema kwa mdomo tu."

Tausi akasema taratibu. Bi Kidawa alivuta, komeo likagoma. Akafuta machozi kwa bega, akavuta tena.