Mkanda Nyuma ya Mgongo

Ng'ombe wa kwanza alipotokeza barabarani pale Lusu, Mwanne alikuwa anaendesha kwa kasi ya tisini, na bintiye ameketi kando yake akila karanga.

Akamtupia jicho. Kifuani hapakuwa na mkanda. Ulipita nyuma ya mgongo wa mtoto, umechomekwa vizuri, ndiyo maana kengele ya gari ilikuwa kimya tangu Tabora.

Mwanne mwenyewe ndiye aliyeruhusu asubuhi.

"Mama, mkanda unanikata shingo."

"Haya, upitishe nyuma, mradi hiyo kengele isitupigie kelele."

Kile kiti cha kumwinua, ambacho kingeufanya mkanda umkae begani, alikiacha nyumbani. Eti mtoto wa darasa la tatu keshakuwa mkubwa. Sasa kuku anaatamia mayai juu ya kiti hicho.

Ng'ombe wa pili akaingia barabarani. Wa tatu. Nyuma yao mchungaji, anapunga fimbo.

Mtoto alikuwa anapuliza maganda ya karanga kiganjani, taratibu, yasimwagike ndani ya gari.

"Mama, ona ng'ombe!"

Mwanne akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na mkono wake wa kushoto ukaruka kifuani mwa mtoto, ukijaribu kuwa mkanda.