Mechi Isiyo na Doa

Lowell alibonyeza kitufe kabla msomaji wa maswali hajamaliza sentensi.

"Mto Volga."

"Sawa," alisema Mwalimu Haskell, akageuza karatasi.

Darasa la mashindano ya chemsha bongo lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Habari zilishasambaa chuo kizima: timu ya Lowell imejibu kila swali pamoja na yale ya nyongeza, wapinzani hawajaambulia kitu. Mechi isiyo na doa! Wengi humaliza chuo wasiione hata kwa macho. Lowell aliiota tangu sekondari, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Ng'ambo ya meza, wapinzani, Roxanne Dietz na wenzake, walikuwa wamekaa, mikono mapajani. Mwaka jana Lowell aliwaita timu ya kujazia viti, mbele za watu. Hawakusahau.

"Vipi dada, kitufe chako kimekufa?" Lowell alimuuliza Roxanne.

"Kizima. We cheza tu."

"Na yale maswali ya kiingilio mliandika wenyewe, au mlimtuma shangazi?"

Maana kila timu iliingia mashindanoni kwa kuandika bahasha ya maswali ya kusomewa timu nyingine, si yenyewe.

"Tuliandika wenyewe," alisema Roxanne. "Tena tulijitahidi."

Mwenzake mmoja akaangua kicheko, akapigwa teke chini ya meza.

"Cheka, cheka," Lowell alisema. "Sifuri nayo inachekesha."

Likaja swali la mwisho. Mwalimu Haskell alisoma taratibu, mambo ya ukungu, mito na maziwa yasiyo na maji. Lowell jasho lilimtoka. Akatupa jicho ng'ambo: midomo ya Roxanne ilikuwa inachezacheza. Mungu wangu, huyu anajua! Atamharibia! Akakibamiza kitufe.

"Titani! Mwezi wa Zohali!"

"Sawa."

Maswali ya nyongeza nayo wakayameza yote. Darasa likalipuka. Lowell alipanda juu ya kiti, machozi yanamtoka, anamnyooshea Roxanne kidole.

"Nenda kawasimulie kwenu!"

Roxanne alingoja kelele zitulie, kisha akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu, samahani. Bahasha hiyo ni ya kwetu. Tumeiandika sisi."

Mwalimu Haskell akaigeuza bahasha, akasoma jina, uso ukamshuka.

"Basi mechi hii imefutika," alisema.

"Mlijua tangu swali la kwanza!" Lowell alipiga yowe. "Mkanyamaza! Mtafukuzwa mashindanoni, nyote!"

"Tunajua." Roxanne alikuwa ameshavaa koti.