Daraja la Kichina la Nyabiondo

Daraja langu lilifika katikati ya bwawa, likakoma. Ndivyo lilivyokuwa kwenye kalenda ya bustani za China iliyoning'inia ukutani kwangu. Ng'ambo ya pili ya picha ililiwa na panya.

Majirani wa Nyabiondo niliwaambia nimezitembea bustani hizo kwa miguu yangu miwili, nikajenga moja hapa, kati ya mianzi na maharagi. Kila Jumapili baada ya misa wanakuja kupumzika, wananiita Papa Shanghai.

Jumapili hii akaja Sidonie, anayejulikana kwa kuleta vitenge kutoka China kwenyewe. Alisimama kwenye ubao wa mwisho, akatazama maji. Nikaona heshima yangu inazama pamoja na tilapia.

“Dada, we umefika kule,” mama mmoja akauliza. “Iko vile?”

Sidonie akavua viatu, akaketi, akatia miguu majini.

“Njo vile kabisa! Kule daraja inaishia katikati, muntu akae, apumzike.”

Wote wakashangilia, wakavua viatu. Nikaketi karibu naye.

“Papa,” akaninong'oneza, “hata kwetu panya walikula ile kalenda.”