Fungu la Noreen

Binti wa kampuni ya pensheni, kwenye simu, alikuwa na adabu zake, lakini alimtoa Keith jikoni kwake kama paka aliyedokoa nyama.

"Samahani, baba, pensheni hii ni ya mama. Naomba umpishe niongee naye bila wewe kuwepo. Ndio utaratibu wetu, tuhakikishe hakuna anayemlazimisha."

"Nimlazimishe? Huyu? Miaka arobaini na mbili sijaweza kumlazimisha hata kubadilisha mapazia!"

Noreen, mkewe, hakucheka. Alimwonyesha mlango kwa kidole, na Keith akajikuta nje kando ya mapipa ya taka, kikombe cha chai mkononi. Jirani alipompungia mkono, alijifanya anakagua mawaridi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Wanawe wote wawili, Stuart na Hayley, walikuwa mezani, samaki na chipsi zikipoa kwenye karatasi, na walikuwa wamemwona baba yao akifukuzwa.

Lakini nani alimtuma? Hayley alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alikuwa amepata nyumba hapo hapo mjini Barnsley, Uingereza, mitaa miwili tu kutoka kwao. Kianzio cha kuinunua kilitakiwa mwisho wa mwezi. Kikikosekana, nyumba anapewa mwingine. Wakwe wa Hayley walikuwa wameshatoa nusu. Basi Keith, bia mbili kichwani, alisimama mbele ya wakwe hao akatangaza: "Nusu iliyobaki niachieni mimi!" Kweli mdomo huponza kichwa. Pensheni yake ya reli ilitosha chakula na gesi, basi.

Ndipo alipopata akili. Kila mtu ana kiasi cha kipato ambacho kodi haikigusi kwa mwaka. Cha Keith kilikuwa kimeshamezwa na pensheni ya reli. Cha Noreen je? Kimekaa bure! Saluni ameshaiuza, pensheni ya serikali hajaanza kuipata, na ile pensheni yake binafsi, aliyoichangia miaka yote ya kutengeneza watu nywele, ipo. Robo inatoka bila kodi, iliyobaki inachotwa kila mwaka kwa kiasi kile kile kisichoguswa na kodi. Mtu wa kodi abaki anameza mate.

Alimweleza mkewe huku macho yakiwa kwenye sinki. Alikuwa na sababu ya kuona haya. Miaka yote hiyo fedha aliiita "vijisenti vya mkasi", mbele za watu, akicheka. Hakuwahi kuuliza ni kiasi gani, wala mwenyewe anaifanyia nini. Noreen hakuwa mtu wa nguo wala wa mahoteli. Safari yake ilikuwa moja tu, kila Machi, treni ya Carlisle, kaskazini, kumwona rafiki. Keith hakuwahi kumsindikiza. Zamani aliwahi kufanya kazi ya reli kule, baridi yake anaijua.

"Kwa hiyo zitakuwa za watoto?" Noreen aliuliza.

"Za watoto."

"Watoto wako wote?"

"Wote, mama. Mimi mtoto simbagui."

Noreen alimtazama kidogo, kisha akaendelea kumenya viazi.

Sasa mlango wa jikoni ulifunguka.

"Ingia, chakula kinapoa."

"Wamesemaje?"

"Hamna kitu, Keith. Zimebaki pauni mia tatu na ushee."

Hayley aliacha kutafuna.

"Zimekwenda wapi?"

"Nimekuwa nikizitoa. Kila mwaka kabla ya Aprili, mwaka wa kodi haujaisha, kiasi kile kile ambacho kodi haikigusi. Kulikuwa na mtoto mwenye shida, nikamsaidia."

Lo! Keith hakungoja amalize. Alimgeukia Stuart, ambaye zamani mshahara wake wote ulikuwa unaishia kwenye mbio za farasi.

"Farasi tena! We Stuart, mama yako anasimama miaka thelathini miguu ikimvimba, wewe unazipeleka kwa farasi! Dada yako atazalia wapi? Huoni haya?"

"Baba, sijamwomba mama hata nauli."

"Mwongo!"

"Miaka sita sijacheza hata peni moja." Stuart alisukuma kiti nyuma. Mtu mzima wa miaka arobaini, uso umemwiva kama mtoto aliyechapwa mbele ya wenzake. Alisimama akachukua koti lake. Hayley alijifunika uso kwa mikono, akalia.

Keith mwenyewe alijionea haya aliposikia sauti yake ilivyofoka, ila hasira ilikuwa imeshamteka na hakujua pa kushukia.

"Mwache mtoto," alisema Noreen. "Stuart, keti. Siyo yeye, Keith."

"Hayley, basi?"

"Jamani, mimi ningekuwa nazo ningewaomba?" Hayley alisema.

"Siyo Hayley. Keith, nakuomba kwa heshima zote. Tuyaache haya. Tutaongea baadaye, mimi na wewe."

"Baadaye ya nini? Nimeshaaibika kwa wakwe, nimeshaaibika kwa watoto, sasa nifichwe na mke wangu? Nyumba hii haina siri! Mtaje. Hapa hapa, mbele ya watoto wangu, wote wamjue!"

Noreen alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. Aliwatazama Stuart na Hayley kwa huruma, kisha akamtazama mumewe.

"Anaitwa Joanne," alisema. "Ana miaka thelathini na minane, kidevu ni hicho hicho chako, na mama yake alikuwa akikata tiketi pale stesheni ya Carlisle."