Kosa la Dakika ya Tisa

Kila Jumatatu wanafunzi wangu huapa kwamba wameangalia somo la video nyumbani. Mimi sidanganyiki kirahisi. Safari hii, nilipokuwa najirekodi, dakika ya tisa niliandika makusudi kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.

"Nani ameangalia mpaka mwisho?"

Mikono yote juu.

"Nani ameona kosa?"

Mikono yote ikashuka. Wengine wakaanza kukagua kucha zao. Nikajisemea, leo nimewanasa waongo hawa.

Nikachukua daftari la binti wa dawati la mbele, yule mpole. Hamsini na nne. Kumbe ameangalia kweli. Lakini pale karatasi ilikuwa imefutwa kwa raba mpaka ikakaribia kutoboka, na chini ya ile nne niliiona sita, imegoma kufutika.

Nikafungua daftari la jirani yake. Limefutwa palepale. La tatu, hivyo hivyo. Nikamrudia yule binti.

"Jibu ulikuwa nalo. Mbona ulifuta?"

"Niliirudia video mara tano, mwalimu. Kila mara ulisema hamsini na nne."

"Si ungeniambia nimekosea?"

Akautazama mlango.

"Muhula uliopita nilikuambia. Ukanitoa nje."