Miguu Minne Chini

Afande alibisha hodi tena, ingawa alikuwa ametoka kwa mlango huohuo sasa hivi na chai yake bado inafuka mvuke mezani.

"Karibu, karibu sana!" Mama Cherehani aliitikia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Papo hapo mbwa wake, Kiherehere, akaruka na kumbandika Afande kucha kifuani.

"Umeona?" Afande alisema akijipangusa shati. "Mbwa hana kosa. Wewe ndiye unayempandisha mzuka. Mtu akibisha tu, unapiga kelele, unakimbilia mlango, naye anadhani kumeingia vita."

"Sasa nisimkaribishe mtu nyumbani kwangu?"

"Utamkaribisha. Lakini kwanza miguu minne chini. Akiruka, mpe mgongo. Kunja mikono, usimtazame, usiseme neno. Akitulia, mpe kipande chake cha nyama, ndipo salamu zifuate. Haya, tunaanza upya."

Akatoka, akafunga mlango, akabisha.

Afande alikuwa jirani, mlinzi mstaafu aliyefunza mbwa wa doria ujana wake wote. Majirani wengine walivunjika mbavu kwa kucheka. Mbwa wa Mama Cherehani kaanza shule, walisema, bado sare tu. Mama Cherehani alitia pamba masikioni. Wacheke watakavyo, wao hawakuwa na cha kupoteza.

Tangu alipoteleza bafuni akaumia nyonga, mwanawe wa pekee alikuwa ameshikilia kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Alikuja na mkewe walizungumze hilo. Kabla hawajaketi, Kiherehere alimrukia mkwe na kulipaka tope gauni lake jeupe, toka kifuani hadi magotini.

"Kwa kweli, mama, huyu sitamweza," mkwe alisema, machozi yakimlengalenga. "Nyumba yetu ina watoto wadogo. Atawaangusha."

Mwana alimtazama mbwa, kisha akamtazama mama yake. "Mfundishe, mama. Akijua kupokea watu kwa utulivu, sisi hatuna neno. La sivyo itabidi tumtafutie mtu mwingine wa kumchukua."

"Nitamfundisha, baba."

"Na wewe usiwe na wasiwasi. Mambo yako nimeshayapanga. Utakaa na watu, utatunzwa vizuri."

Mama Cherehani aliona haya kuuliza zaidi. Hakutaka aanze kuonekana msumbufu hata kabla hajahama. Alichojua ni kwamba hapa hawezi kubaki, na Kiherehere hawezi kumwacha. Mumewe ndiye aliyemwokota mtaroni akiwa bado hajafumbua macho, na tangu mumewe afariki, huyo ndiye aliyebaki wa kusemeshwa asubuhi. Kwa hiyo akaenda kwa Afande kumwomba msaada.

Haikuwa kazi rahisi. Siku za mwanzo alimpa mbwa mgongo, kisha akacheka mwenyewe, na mbwa akaona ni mchezo. Afande akafoka. Nyonga ilipouma, Mama Cherehani alimeza dawa, akakaa kidogo, akasimama tena. Muuza maziwa akabembelezwa abishe hodi hata siku ambazo maziwa hayakuhitajika. Msoma mita naye akashikwa, akabisha huku akiguna. Taratibu Kiherehere akaanza kuelewa. Akawa anatetemeka mwili mzima kwa hamu, mkia ukifagia sakafu, lakini makalio hayanyanyuki.

Mkwe alipiga simu. Aliuliza Kiherehere anakula nini, analala wapi, anaogopa nini, kama anapenda watoto. Mama Cherehani alijibu yote kwa furaha, na alipokata simu akalia. Miaka yote alidhani binti yule hampendi, kumbe alikuwa anamsingizia bure.

Mwana naye akampigia kuhusu mizigo. "Usijitwishe vitu, mama. Nguo chache tu zinatosha. Mengine yote utayakuta."

"Na cherehani?"

"Uza tu, mama. Hutaihitaji."

Aliiuza, ingawa roho ilimuuma. Alijipa moyo kwamba atanunua sindano na uzi, awashonee wajukuu vifungo kwa mkono.

Siku ya kuhama ilipofika, hodi ikapigwa mlangoni. Mama Cherehani alitamani kukimbia, amkumbatie mwanawe, apige vigelegele. Akajizuia. Alikaa kitini, mikono mapajani.

"Ingieni," alisema kwa sauti ya chini.

Kiherehere aliketi. Mwana akaingia, mkwe akafuata, na mbwa akawatazama mmoja baada ya mwingine bila kunyanyua hata ukucha. Mkwe akainama, akamkuna masikio, akacheka kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile.

"Mama, umefanya kazi kubwa," alisema. "Watoto watafurahi sana."

Mama Cherehani akampa Kiherehere kipande chake cha nyama.

Mwana alibeba bakuli na blanketi la mbwa, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Kiherehere akapanda bila kusukumwa. Mama Cherehani alifunga nyumba, akachukua begi lake, akamuaga Afande aliyekuwa amesimama uani kwake, kisha akachechemea hadi kwenye gari na kushika kitasa cha mlango wa mbele.

Mwana akamwondoa mkono polepole.

"Hapana, mama, wewe subiri hapa kibarazani. Gari la makao ya wazee litakupitia saa nane. Kule mbwa hawapokelewi, ndiyo maana tulitaka sana ajifunze."