Mashimo katika Wimbo wa Tiva

Palikuwa na nyumba ya ndege waitwao tiva, ambamo kifaranga alijua kuimba kabla hajajua kuruka. Kijana wa nyumba hiyo ndiye aliyevuma kuliko wote. Kila asubuhi alikaa tawi la juu akaimba, na dada yake, aliyependa kivuli, akamjibu kutoka kichakani, upesi hata wasikilizaji wakadhani ni sauti moja.

Siku moja akaja Kanga, mpenda shughuli. "Bwana Tiva, Kima anamwoza binti yake. Msitu mzima unaitaka sauti yako."

"Nitakuja," akasema Tiva. Dada yake alipoanza kujikung'uta mbawa, akamzuia. "Kaa, dada. Umesikia mwenyewe, wameniita mimi."

Huko arusini Tiva akaimba, akanyamaza pale alipozoea kunyamaza. Kimya. Akaimba tena, akanyamaza tena. Wageni wakatazamana, na tawi likamwia jembamba.

"Wimbo ni mzuri," akasema Chura, asiyejua kuficha neno, "lakini mbona una mashimo?"

Tiva akarudi kwao kichwa chini. "Mama, ulinifunza wimbo mbovu."

"Si mbovu, mwanangu, ni nusu," mama akamjibu huku akichambua manyoya yake. "Nusu ya pili nilimpa dada yako. Nilijua mmoja wenu atavuma, nikahofu asije akamsahau mwenzake."

Tiva akaingia kichakani, akaimba kipande chake, akanyamaza. Dada alimwacha angoje kidogo. Kisha akamjibu.